Kokoto Arobaini

Mzee Hyman Katz haingii makaburini.
Si woga. Ni mwiko wa ukoo:
aliyezaliwa kuhani hakanyagi penye maiti.
Basi hubaki nje ya lango, kwenye kiti cha magurudumu,
blanketi magotini, mvua ya Leeds ikimgongagonga kofia
kama mdai asiye na haraka,
na mimi, ninayelipwa kwa saa kumwogesha na kumpa dawa,
naingia kwa niaba yake.

Amenipa kokoto arobaini ndani ya mfuko wa mkate.
"Kila Katz, moja. Zitakazobaki, nirudishie."

Wiki nzima tumekuwa tukihesabu.
Kitabu cha simu cha mwaka wa sabini na moja,
kurasa zimegeuka rangi ya chai:
Katz fundi suti, Katz fundi suti, Katz wa vifungo,
Katz daktari wa meno, Katz mwenye teksi,
safu nzima na robo ya pili.
Katika kile cha mwisho kuchapishwa, watatu.
Mmoja ni yeye.

"Shuleni walinililia nyau," aliniambia.
"Walidhani ni paka. Hata mwalimu alicheka."
Kumbe si paka. Ni maneno mawili yaliyokatwa mikia
yakashonwa pamoja, kitambaa kilipopunguka:
kohen, tzedek.
Nikaweka chini kijiko cha uji.
Kohen, mbona huyu ni kuhani?
Na tzedek namjua, ni jamaa yake sadaka,
nasaba moja na kusadiki.
Mzee, nikamwambia, jina lako lina shangazi kwetu,
ameolewa zamani, ana wajukuu.
Akacheka hadi meno ya bandia yakahama.

Mimi jina la ukoo sikuwa nalo.
Uwanja wa ndege waliniuliza, nikamtaja baba.
Wakataka la mwisho, nikamtaja babu.
Ningeweza kuendelea hadi kwa yule wa kwanza
aliyefika na hakusema alikotoka,
ila afisa alichokea kwa babu.
Sasa benki humwandikia babu yangu kila mwezi
ikimwita Bibi Shekue.

Ndani, mawe yamebanana kama watu kwenye foleni.
Juu ya kila jiwe la kuhani, viganja viwili vimechongwa,
vidole vimeachana viwili viwili, vinabariki matope.
Katz. Kokoto. Katz. Kokoto.
Katz wa siku nne, hata jina la kwanza hakungoja.
Nikamchagulia iliyo laini.
Katz na mkewe, bega kwa bega, nyasi imewaunganisha.
Thelathini.

Kisha, kando ya ua, jiwe jeusi, bado linang'aa:
Leslie Curtis.
Nikapita. Nikarudi.
Juu ya Curtis, viganja viwili.

Habari zake nilizipata kwa vipande, siku za homa.
Mdogo wake. Mwaka wa hamsini na nane
alimlipa wakili, akalipeleka jina kwa kinyozi,
likatoka limenyolewa, likapata kazi.
Mzee hakumtaja tena.
Hata siku ya mazishi, siku ambayo mwiko wenyewe
humfungulia ndugu mlango aingie akazike,
yeye alikaa nyumbani akisikiliza kriketi.

Nilisimama na kokoto mkononi hadi ikapata joto.

Langoni alikinga kiganja. Nikamhesabia tisa.
Akazihesabu tena yeye, midomo ikicheza.
"Thelathini na moja," alisema. "Orodha yangu ni thelathini."
"Labda nimekosea, Mzee."
"Wewe? Hujakosea hata kidonge."
Lori lilipita, likaturushia maji, hatukusema kitu.
Akachambua zile tisa kwa kidole gumba,
moja moja, kama mtu anayenunua maharage,
akatoa iliyo kubwa kuliko zote.

"Uliyomwekea ni ndogo," alisema.
"Mpelekee na hii."